Re: Mdogo wangu ana usonji na anaanza chuo, nimsaidieje?

Dada, umesema masomo anayaweza ila unaogopa kelele za hosteli na kuishi mwenyewe. Una haki ya kuogopa, maana wengi wenye usonji (autism) hawakwami darasani, wanakwama kwenye yale mengine, ratiba kubadilika ghafla, kazi za makundi, kukumbuka kula na kufua, vitu ambavyo hakuna lecturer anavifundisha. Msisubiri afeli ndo muanze kuhangaika. Kabla chuo hakijafunguliwa nendeni mkazunguke, aone madarasa, chumba, njia atakazopita na sehemu tulivu ya kukimbilia akizidiwa.

Halafu aende ofisi inayohudumia wanafunzi wenye ulemavu na ripoti yake ya daktari, aombe muda wa ziada kwenye mitihani, maelekezo ya kazi kwa maandishi, na ikiwezekana chumba cha peke yake hosteli. Ila naomba sana hilo aliombe mwenyewe, wewe kaa pembeni tu, ni mtu mzima na nani aambiwe kuhusu hali yake anaamua yeye. Marafiki usimlazimishe, klabu moja ya kitu anachokipenda inatosha kabisa. Na akikaa kimya mtumie meseji, usimpigie pigie, wengi simu zinawachosha.