"Borrow" ilinikosesha kazi, wewe isikukoseshe

Juzi kijana mmoja wa Morogoro kaniandikia: "Kaka, hivi 'borrow' na 'lend' zina tofauti gani? Kamusi yangu zote inasema azima." Nilicheka, kisha nikanyamaza. Kanigusa kidonda.

Mwaka 2014 niliitwa kwenye usaili Arusha, kampuni ya utalii, jina nalihifadhi. Hata shati nilikuwa nimeazima kwa binamu, mikono inafika vidoleni. Tukapewa fomu. Nimefika kwenye jina la shule, kalamu ikakata wino. Nikamwambia mama aliyekuwa mezani, tena kwa kujiamini: "Madam, please borrow me your pen." Akamgeukia mwenzake: "Borrow me? From who?" Wakacheka mpaka mmoja akavua miwani afute macho. Kalamu nilipewa, kazi sikupewa. Inawezekana walikuwa na sababu nyingine, ila mimi usiku ule kwenye basi nilisikia kicheko tu.

Nilikuja kuelewa baadaye sana kwamba haukuwa ujinga. Kwetu kitenzi ni kimoja. "Niliazima kitabu", nimechukua. "Aliniazima kitabu", nimepewa. Kinachogeuza maana ni hako ka "ni" kalikojibana katikati ya kitenzi. Kiingereza hakina nafasi hiyo, kwa hiyo mwelekeo kimeuweka ndani ya neno lenyewe: anayepokea ndiye ana-"borrow", anayetoa ndiye ana-"lend". Wajerumani nao "leihen" yao inabeba pande zote mbili, tusijione wa ajabu peke yetu.

Dawa yangu mimi ni pesa. Kwenye pesa hata Mswahili hachanganyi: kuna kukopa na kuna kukopesha. Basi kabla hujafungua mdomo, jiulize kama kitu hicho kingekuwa hela ungesema nini. Kukopa, weka "borrow". Kukopesha, weka "lend". Kalamu ile ningesema "nikopeshe", basi ilikuwa "lend me your pen". Ama ningejiweka mimi mbele: "Can I borrow your pen?" Zote sawa. Unakopa kutoka kwa mtu, kwa hiyo "borrow" hufuatwa na "from": "I borrowed it from my cousin." Na "lend" ya wakati uliopita inakuwa "lent". Hiyo "lended" acha kabisa. Choo usiseme unaki-"borrow", maana huondoki nacho, sema "use".

Hata kwenye hesabu neno ni hilohilo. Unapotoa 17 kwenye 32, mbili haitoshi, inakwenda kukopa kwa jirani. Waingereza nao husema "borrow", na ile kumi hakuna aliyewahi kuirudisha.

Leo natembeza wageni kwa Kiingereza changu mwenyewe, na mwezi uliopita mgeni aliniuliza nani alinifundisha. Nilijibu: kalamu. Hakuelewa, na sikumweleza. Lakini ninyi wadogo zangu nawaeleza: mnataka kazi za hoteli, mnataka Dubai, mnataka meli, ila kukaa na neno moja wiki nzima mnaona kazi. Mnakariri maneno mia kwa siku kutoka kwenye video, ukiulizwa sentensi moja unatoa macho. Mimi nilikaa na "borrow" na "lend" karibu mwezi. Nikienda dukani nasema kimoyomoyo, nikimpa mtu jembe nasema, nikichukua sufuria kwa jirani nasema. Pesa kichwani, kukopa, kukopesha. Narudia tena: kukopa, kukopesha.

Yote haya nilimwandikia yule kijana wa Morogoro, hatua kwa hatua. Saa moja baadaye akajibu: "Thank you brother. Can you lend me 20,000 until Friday?"

Sentensi haina kosa hata moja. Sijamjibu bado.