Jibu: MS kwa watoto. Msimchome interferoni kabla ya vipimo hivi viwili

Mkuu, hiyo sindano isimguse mtoto kwanza.

Umeandika kwamba mtoto wa dada yako ana miaka 7, macho yote mawili yamefifia ndani ya siku chache, MRI ya kichwa imeonyesha madoa meupe, mkaambiwa ni MS (multiple sclerosis, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo, uti wa mgongo na neva za macho), na sasa kuna mtu anawaagizia interferoni, sindano ya kutibu MS, kutoka India. Ukauliza MS inawapata watoto kwa kiasi gani.

Watoto inawapata, ila ni wachache. Katika kila wagonjwa 100 wa MS, kama 3 hadi 5 ndio walioanza kuumwa kabla ya miaka 18, na wengi wao walikuwa wameshabalehe. Walioanza kabla ya miaka 10 hawafiki hata mmoja katika hao 100. Hesabu ya dunia ya mwaka 2020 ilikuta watu milioni 2.8 wenye MS, na walio chini ya miaka 18 ni angalau 30,000.

Sasa mtazame mtoto wenu. Ana miaka 7, na macho yamefifia yote mawili kwa pamoja. MS ikishika neva ya jicho, kwa kawaida hushika jicho moja. Kwa umri huu, macho mawili yanamfanya daktari mzoefu awaze kwanza MOGAD, na baada ya hapo NMOSD, magonjwa mengine mawili ya kinga yanayofanana na MS. Yote mawili hushambulia neva za macho na uti wa mgongo, yote mawili huacha madoa kwenye MRI, na yote mawili hubatizwa jina la MS kila siku na watu wenye haraka.

Hasara iko hapa. Interferoni inasaidia MS. Mwenye NMOSD ukimpa interferoni, mashambulizi yanaweza kuongezeka, na shambulio moja tu la NMOSD linaweza kumpofusha mtoto moja kwa moja au kumpoozesha miguu. Fingolimodi na natalizumabu, dawa nyingine za MS, zina hatari hiyohiyo. Kwa MOGAD interferoni haisaidii, na karibu nusu ya wenye MOGAD hupata shambulio moja tu, yaani kuna watoto wanaochomwa sindano za miaka mingi kwa ugonjwa usiorudi. Na NMOSD huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika na Asia kuliko Wazungu, kwa hiyo kwetu huku kuiruka ni uzembe. Wanaosoma ripoti ya MRI mistari miwili kisha wakasema "anzeni tu dawa, mtaona" wananiudhi kuliko nilivyo tayari kuandika hapa. Anayepofuka si wao.

Vipimo ni viwili, vya damu: kingamwili za AQP4 (za kutafuta NMOSD) na kingamwili za MOG (za kutafuta MOGAD). Sisitizeni vifanywe kwa njia ya seli (cell-based assay). ELISA, njia nyingine ya maabara, kwa MOG haiaminiki. Damu itolewe KABLA ya kusafishwa plazma au kuwekewa drip ya imunoglobulini, na ikiwezekana kabla ya steroidi (dawa za kutuliza kinga ya mwili), maana hizo zinaweza kushusha kingamwili majibu yakatoka safi kwa uongo. Kama sampuli inasafirishwa nje, itenganishwe, iende serumu (majimaji ya damu yasiyo na chembe) kwenye baridi, si damu nzima.

Ila msikae kungoja majibu huku mtoto haoni. Damu ikishatoka na daktari akishahakikisha kwamba chanzo si maambukizi (kifua kikuu, kaswende, VVU), steroidi ianze: methilprednisoloni ya mshipa, miligramu 20 hadi 30 kwa kila kilo kwa siku, isizidi gramu 1, siku 3 hadi 5. Mtoto wa kilo 22 anaangukia miligramu 440 hadi 660 kwa siku. Presha na sukari vipimwe kila siku. Baada ya hapo prednisoloni ya vidonge ipunguzwe taratibu. Ikikatwa ghafla, MOGAD hupenda kurudi.

MRI ya kichwa pekee haitoshi. Ifanywe ya macho na ya uti wa mgongo wote, pamoja na dawa ya kung'arisha. Doa la uti linalofunika pingili 3 au zaidi ni la kutilia shaka NMOSD au MOGAD. Ya MS huwa mafupi. Wakitoa maji ya mgongoni kutafuta mikanda ya oligokloni (alama za kingamwili ambazo huonekana kwenye MS), watoe na damu siku hiyohiyo, la sivyo hakuna cha kulinganisha.

AQP4 ikitoka chanya, yaani ni NMOSD, azathioprini (dawa ya kupunguza kinga ya mwili) inapatikana na bei yake inabebeka, ila huchukua miezi kadhaa kufanya kazi, kwa hiyo prednisoloni inabaki pembeni kumlinda.

Nyumbani chukueni kizibo chekundu cha soda, mfunikeni jicho moja, kisha la pili. Wekundu ukipauka kuliko jana, rudini hospitali siku hiyohiyo. Na mkienda kwa daktari wa neva bebeni CD yenye picha za MRI, maana ripoti ya karatasi haitamwonyesha doa lina umbo gani.