Mume naye apime, tena mapema

Nawafahamu wanawake waliopigwa picha za mirija ya uzazi, wakameza vidonge vya kupevusha mayai na kunywa mizizi ya kila aina, ilhali waume zao hawajapima hata mara moja. Jambo hili linaniuma sana. Katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, tatizo liko pia kwa mwanaume, akiwa peke yake au pamoja na mkewe. Na kipimo chake cha kwanza, cha shahawa, hakina sindano wala maumivu. Mkimaliza mwaka mnakutana bila kinga na mimba haijaingia, nendeni wote wawili. Mke akiwa na miaka 35 au zaidi, msingoje zaidi ya miezi sita.

Mimi nilipimia Dar es Salaam. Daktari alianza kwa maswali: niliwahi kuugua matubwitubwi baada ya kubalehe? Kisonono? Kifua kikuu? Nilifanyiwa upasuaji wa ngiri au busha? Natumia dawa gani? Halafu akanipapasa korodani nikiwa nimesimama, akitafuta mishipa ya damu iliyovimba, ile hali inayoitwa varikosili. Usione haya kwenye hatua hii. Varikosili ni ya kawaida mno kwa wanaume wanaohangaika kupata mtoto, mara nyingi hugundulika kwa vidole tu, na inafanyiwa upasuaji.

Kwa kipimo chenyewe, unakaa siku 2 hadi 7 bila kutoa shahawa. Kukaa wiki tatu ukidhani unajaza akiba hakusaidii, maana mbegu zilizokaa sana hupoteza mwendo. Unapewa kikopo safi chenye mfuniko, unatoa shahawa kwa mkono, bila mate, mafuta wala sabuni, kwa kuwa vitu hivyo vinaharibu mbegu. Kondomu ya dukani haifai. Kama imani yako inakukwaza, sema mapema, kwani zipo kondomu maalumu za kukusanyia. Kikimwagika chochote mwambie mtu wa maabara, hasa kikiwa cha mwanzo, kwani hapo ndipo mbegu nyingi zilipo.

Maabara niliyokwenda ilinielekeza chooni, na nje ya mlango kulikuwa na foleni ya wagonjwa. Nikaomba kutolea nyumbani, wakakubali. Ukiweza kufika maabara ndani ya saa moja, na ikiwezekana nusu saa, omba hivyo hivyo. Kikopo kikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, mbali na barafu na mbali na jua la kwenye gari.

Karatasi ya majibu ndiyo inayowatisha wengi. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, kiwango cha chini ni ujazo wa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, asilimia 42 ziwe zinatembea, na asilimia 4 ziwe na umbo zuri. Ndiyo, nne! Ukisoma kwamba mbegu zako 95 katika kila 100 zina kasoro ya umbo, bado uko ndani ya kiwango. Viwango hivi vilipatikana kwa kupima wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, na wachache kati yao walikuwa chini ya namba hizo. Kwa hiyo kuwa chini kidogo hakumfanyi mtu tasa.

Majibu yangu ya kwanza yalikuwa chini. Daktari akauliza kama niliugua karibuni, nikamwambia malaria ilinilaza kwa homa kali. Mbegu moja hutengenezwa kwa muda wa miezi miwili na nusu hivi, hivyo homa ya leo huonekana kwenye kikopo wiki kadhaa baadaye. Nikarudia baada ya miezi mitatu, yakawa mazuri. Ndiyo maana nasisitiza: usikubali kuhukumiwa kwa kipimo kimoja, wala usinunue dawa kwa karatasi moja.

Vijana mnaochoma sindano za testosteroni ili kujenga mwili, nisikilizeni. Mwili ukipata homoni hiyo kutoka nje, korodani hupunguza kazi na mbegu zinaweza kuisha kabisa. Wengi hurudia hali yao wakiacha, ila huchukua miezi mingi, na si wote. Mwambieni daktari ukweli.

Na aliyekuta mbegu sifuri? Hiyo karatasi inafungua vipimo vingine: homoni kwenye damu, picha ya altrasaundi, pengine kipande kidogo cha nyama ya korodani. Kinachotafutwa ni kama mbegu hazitengenezwi au njia imeziba, labda kwa maambukizi ya zamani. Njia ikiwa imeziba, mbegu zinaweza kuchukuliwa moja kwa moja kwenye korodani na kurutubisha yai maabara. Muulize daktari kwa maneno hayo hayo, hazitengenezwi au njia imeziba, mkeo akiwa amekaa pembeni yako.