Maswali ya gereji: padeli za gia bila waya

Tangu lile gari letu la kujiundia lianze kuonekana barabarani hapa Mwanza, na vile vibawa viwili vya kubadilishia gia nyuma ya usukani (ndizo padeli), vinavyotuma ishara kwa redio bila waya, simu haipumziki. Najibu maswali yanayojirudia.

Shikamoo fundi. Gari yangu ni otomatiki, ina P, R, N, D, 2 na L. Nikifunga padeli nitacheza na gia kama madereva wa mbio? (Kijana wa Igoma)

Marahaba, mdogo wangu. Hapana. Padeli ni swichi tu, haisukumi gia yoyote. Kazi yake ni kuiomba kompyuta ya giaboksi ipandishe au ishushe. Kama mkono wako wa gia hauna njia yenye alama za + na −, hiyo kompyuta haina sikio la kusikia ombi hilo. Hela yako ipeleke kwenye breki.

Kwa nini uhangaike na redio badala ya kupitisha waya? (Nyegezi)

Usukani unazunguka, waya unakatika. Kiwandani wanatumia spairo, ule utepe wa nyaya uliojiviringisha nyuma ya usukani na kubeba honi na eabegi. Sisi tulifunga usukani mdogo wa michezo, spairo ikatoka, ndiyo maana tukaenda kwenye redio. Kama wako bado ni wa kiwandani, usiguse waya wa eabegi wala usigandishe kitu juu ya kifuniko chake. Eabegi hufumuka kabla hujapepesa jicho, na ulichogandisha kitakuja usoni.

Fundi, taja vifaa, na gharama usifiche. (Dada wa Buzuruga)

Sifichi, dada. Vyote pamoja havikufika bei ya tairi moja jipya. Kwenye usukani kuna mikroswichi mbili, zile za kulia "tak" kama kipanya cha kompyuta, chipu ya ATmega328 (kompyuta ndogo inayoendesha programu) ambayo ndiyo imo ndani ya ubao wa mafundi uitwao Arduino Uno, na redio ndogo ya nRF24L01 inayotumia gigahezi 2.4. Chini ya dashibodi kuna redio na chipu nyingine kama hizo, pamoja na optokapla mbili za PC817. Padeli nilikata alumini ya milimita 3, kingo nikazipiga tupa zisije zikachana vidole.

Optokapla ni kitaa kidogo ndani ya chipu: kikiwaka, kinafunga swichi ya upande wa pili, na umeme wa kifaa chako haugusani na wa gari. Nimeziunga sambamba na swichi za + na − za mkono wa gia, kwa hiyo mkono bado unafanya kazi kama zamani. Ila pima na mita kwanza. Kwa magari mengi, ukisukuma + waya unagusishwa na bodi. Mengine mkono huongea kwa tofauti ya ukinzani, na mapya kabisa hutuma data. Ukikuta hayo mawili, weka pasi ya kulehemu chini uulize.

Sasa aibu yangu. Jaribio la kwanza nilikuwa napanda kuelekea Bugando. Nikabonyeza mara moja, gari likaruka gia mbili na kuishiwa nguvu katikati ya mlima, bodaboda nyuma wananipigia honi. Kumbe vyuma vya swichi vikigusana hudunda kwa milisekunde chache, chipu ikahesabu mibonyezo miwili. Nikaiandikia programu ipuuze chochote ndani ya milisekunde 30 baada ya mguso wa kwanza. Tena kila mbonyezo nikaupa namba, kwa sababu redio isipopata jibu hurudia ujumbe: risiva, yaani ile redio ya chini ya dashibodi inayopokea, ikishatekeleza namba 41, hiyo 41 ikija tena haiitikii.

Kutumia rimoti za geti za bei chee badala ya redio hizi, sitaki. Nyingi hutuma msimbo uleule siku zote, yeyote anaweza kuunakili.

Betri ya kidonge CR2032 inatosha? (Musoma)

Kwa nRF24L01, ndiyo, maana ikituma inakula miliampea kumi na kitu, tena kwa kufumba na kufumbua, kisha chipu na redio vinalala. Weka kapasita (kifaa cha kutunza umeme kidogo) pembeni ya redio. Ukitumia ESP32, chipu yenye WiFi ndani yake, sahau kidonge: ikiwasha redio inavuta mamia ya miliampea. Na ukiilaza usingizi mzito, kuamka kwake utakuhisi kidoleni. Mimi nimeishia kwenye betri mbili za AAA. Za lithiamu sizipendi kwenye usukani wa gari linaloanikwa juani Kirumba kutwa nzima.

Gari yangu manyuo. Inawezekana? (Bukoba)

Inawezekana kwa pesa za watu wengine. Lazima upate mitambo ya kubonyeza klachi na kuhamisha gia. Ferrari waliupeleka mfumo wa namna hiyo kwenye mbio za magari za Formula 1 mwaka 1989, dereva wao Nigel Mansell akashinda mbio ya kwanza kule Brazil, na hata yeye ilibidi abadilishiwe usukani katikati ya mbio.

Betri ikinifia katikati ya daraja la Kigongo–Busisi? (Sengerema)

Utavuka, mzee wangu. Gia inabaki ilipo, mkono wa gia upo. Cha kuogopa ni kinyume chake, risiva igande ikiwa imebonyeza. Kwa hiyo optokapla yangu inafungwa milisekunde 100 tu kisha inaachia, hata padeli ikiendelea kushikwa. Na ukishusha gia kimakosa ukiwa kwenye mwendo mkali, kompyuta ya giaboksi hukataa kama injini ingepitiliza mizunguko, kwa sababu kwake hilo ni ombi lilelile la mkono wa gia. Anza kujaribu gari likiwa kwenye jeki, magurudumu yanayovuta yakiwa hewani, na mtu wa pili mkono wake ukiwa kwenye swichi ya kuzima.