Hasira, kelele za Dar na kutafakari kwa njia ya Kibuddha: jibu kwa aliyeuliza

Mkuu, umeuliza kama mtu mwenye dini yake anaweza kutafakari kwa njia ya Kibuddha, kama inawezekana bila chumba tulivu, na kama kweli inasaidia hasira. Mimi ni Muislamu, nauza vitenge Kariakoo, na zoezi hili nimelifanya kwa miaka kadhaa sasa. Naanza na hasira, maana ndiko nilikofaidika zaidi.

Lipo fundisho la Buddha la mishale miwili. Mtu akichomwa mshale ataumia, hilo halina ujanja. Tatizo ni kwamba tukishachomwa wa kwanza, wengi tunajichoma wa pili kwa mikono yetu: kulaani, kunung'unika, kulirudiarudia tukio kichwani. Chukua mteja aliyebeba mzigo kwa mkopo, siku ya kulipa imefika, hapokei simu. Pesa kuchelewa ni mshale wa kwanza, na unauma kweli, kwa sababu kodi ya fremu haisubiri. Lakini kugombana naye kichwani kutwa nzima, ukamfokea kijana wa dukani asiyehusika, ukafika nyumbani mama watoto anakusalimia unaitikia puani, yote hayo ni ya mshale wa pili. Deni nitalidai mpaka lilipwe. Hayo mengine hayaniongezei hata shilingi.

Unauzuiaje huo wa pili? Hapa ndipo wengi wanaparuka haraka. Buddha alifundisha kwamba kila kinachogusa macho, masikio, pua, ulimi, mwili au akili huzaa hisia ya namna tatu: ya kupendeza, ya kuudhi, au isiyo hii wala ile. Tamaa na chuki huota juu ya hisia hiyo. Kazi yako ni kuiona ingali changa, haijafika mdomoni. Kwangu mimi hasira huanzia kifuani, joto linapanda shingoni, halafu taya zinakaza. Nikiikuta kwenye joto, nasema moyoni "joto, joto", nafuata pumzi kidogo, ndipo najibu. Bado nakasirika, tena sana. Ila sasa mara nyingi nakuwa na nafasi ya kuchagua neno la kusema, na biashara ya Kariakoo yote ni maneno.

Huku kutaja moyoni kinachotokea kulienezwa sana katika karne ya 20 na mtawa wa Myanmar, Mahasi Sayadaw. Yeye aliwaanzisha wanafunzi kwa kufuatilia tumbo linavyopanda na kushuka wanapopumua. Na wewe anzia hapo. Kaa kwenye kiti au mkekani, mgongo wima bila kujikakamua, dakika kumi zinatosha. Mimi hukaa baada ya swala ya alfajiri. Akili itakimbilia madeni, mpira, ada za watoto. Ukigundua imekimbia, irudishe kwenye tumbo bila kujisema vibaya. Huko kugundua na kurudisha ndiko zoezi lenyewe. Anayekuambia uifanye akili iwe tupu anakuchosha bure.

Utulivu usiusubiri, Dar hautaupata. Mafundisho yenyewe yanataja kuwa makini ukiwa unatembea, umesimama, umekaa au umejilaza, kwa hiyo mwendokasi wa kutoka Kimara asubuhi, watu wamebanana mpaka mlangoni, unafaa kabisa. Sikia uzito wa miguu. Mtu akikukanyaga, angalia maumivu ni yapi na hasira ni ipi, maana vinakuja vimeshikana.

Tahadhari moja ambayo siipuuzi: kama hulali, huli, au unawaza kujidhuru, nenda hospitali kwanza. Muhimbili wana idara ya afya ya akili. Kukaa kimya na mawazo mazito bila msaada kunaweza kukuzidishia.

Kuhusu dini nitakuwa mkweli. Wapo wanaosema Ubuddha si dini, ni falsafa tu. Sikubaliani nao. Una watawa, nadhiri, ibada, na imani ya kuzaliwa upya baada ya kifo, na sisi wengine hatuamini hivyo. Lakini kuangalia pumzi na hasira yako hakukudai shahada nyingine. Mimi swala zangu tano ziko palepale, na nasikia ninachokisoma kuliko zamani.

Ukitaka kuwaona wenyewe, hekalu lipo hapahapa mjini, Garden Avenue, na mizizi yake ni Wasinhala waliokuja kutoka Sri Lanka enzi za mkoloni. Vaa nguo ya heshima, vua viatu, uliza unachotaka. Kama unaona tabu kwenda peke yako, nitumie ujumbe tupange siku, isiwe Ijumaa mchana.