Madokezo Yako, Kazi Zako na Msaidizi wa Akili Mnemba

Watu wengi wanaoanza kutumia msaidizi wa akili mnemba katika shughuli za kila siku humwomba jambo moja kabla ya mengine yote, nalo ni kupangiwa ratiba. Ombi hilo hupata jibu linalopendeza macho, lenye saa, vichwa na mapumziko yaliyogawanywa vizuri, lakini mara nyingi halifuatwi hata hadi adhuhuri. Ratiba nzuri hutokana na taarifa ambazo msaidizi hajapewa: ni kazi ipi imekwama kwa sababu ya mtu mwingine, ni simu ipi unaogopa kuipiga, ni ahadi ipi uliitoa kwa mdomo ukaisahau. Taarifa hizo, kama zimeandikwa popote, zimo katika madokezo yaliyotawanyika kwenye simu, daftari, barua pepe na jumbe ulizojitumia mwenyewe. Ndiyo maana ushauri wangu unaanzia kwenye madokezo, na ratiba inakuja baadaye sana.

Kanuni ninayoifuata ni kwamba msaidizi hupewa kazi ya karani, yaani kusoma, kuchambua, kuorodhesha na kukumbusha, ilhali kutunza maandishi na kuamua kipi kitangulie ni kazi zinazobaki kwangu.

Kuhusu utunzaji, mazungumzo na msaidizi hayafai kuwa ghala la kumbukumbu, hata kama huduma kadhaa sasa zinaweza kukumbuka mambo yaliyosemwa katika mazungumzo yaliyopita. Kinachohifadhiwa huko aghalabu ni muhtasari wa baadhi tu ya uliyosema, na namna unavyotumiwa inaweza kubadilika huduma inapobadilishwa. Madokezo yanastahili kukaa katika faili zako mwenyewe. Kwa maoni yangu, faili zinazofaa zaidi ni zile za maandishi matupu yasiyo na mapambo, au yaliyoandikwa kwa Markdown, mfumo wa alama chache ambao John Gruber aliutoa mwaka 2004. Faili za aina hiyo hufunguka kwenye kompyuta yoyote, hazitegemei programu ya kampuni fulani, na modeli za lugha, yaani programu zinazowaendesha wasaidizi hawa, huzisoma bila taabu. Obsidian ni mojawapo ya programu zinazohifadhi madokezo kwa namna hiyo, ingawa hata programu rahisi ya kuandikia iliyokuja na kompyuta yako inatosha. Jina la faili lianze na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku, kwa mfano 2025-03-09, ili faili zijipange zenyewe kwa mfuatano wa wakati. Folda nyingi sizipendekezi. Humpa mtu hisia ya kuwa na mpangilio, kisha humpotezea muda wa kukumbuka ni folda ipi aliichagua.

Uandishi wa dokezo lenyewe pia usimwachie msaidizi. Mwanasosholojia wa Ujerumani, Niklas Luhmann, aliyefariki mwaka 1998, aliacha kadi zipatazo 90,000 alizoziandika na kuzipa namba, kadi moja ikielekeza kwenye nyingine, na wapenzi wa mifumo ya madokezo hupenda kumtaja kama bingwa wa mpangilio. Mimi navutiwa zaidi na ukweli kwamba kila kadi ilimlazimu kueleza kwa maneno yake kile alichokielewa na kuamua kinahusiana na nini. Ukimkabidhi msaidizi makala ndefu na kuhifadhi muhtasari wake, unabaki na maandishi safi ambayo hukuyafikiria, na utakapoyarudia baada ya miezi kadhaa yatakuwa mageni kwako sawasawa na makala yenyewe. Kwa hiyo huandika kwanza sentensi zangu mbili tatu, hata zikiwa na makosa na vifupisho, kisha humwomba msaidizi aniulize maswali mahali ambapo hazieleweki. Nikishindwa kujibu swali mojawapo, najua kwamba bado sijaielewa mada, jambo ambalo muhtasari ungelificha.

Baada ya hapo ndipo karani anapoanza kazi, na hapa ndipo nimeona faida kubwa kuliko kwingine kote. Mwisho wa siku, au kila baada ya siku chache, mpe madokezo ya kipindi hicho na umwombe atoe kila ahadi, ombi na kazi iliyomo. Agizo langu limezidi kuwa refu kadiri nilivyoendelea, na kwa sasa linataka kila kazi ianze kwa kitenzi. Mtu anayesubiriwa atajwe, kama yupo. Tarehe iandikwe pale tu inapopatikana ndani ya dokezo, na isipopatikana isemwe wazi kwamba haikutajwa. Kisha chini ya kila kazi inakiliwe, neno kwa neno, sentensi ambamo kazi hiyo ilipatikana. Sharti hili la mwisho nalithamini kuliko yote. Modeli ya lugha huzalisha maneno yanayoelekea kufuata mengine, kwa hiyo inapokuta pengo inaweza kulijaza kwa jambo linalofanana na ukweli, na kazi ya kubuni iliyoandikwa kwa ufasaha haitofautiani kwa sura na kazi halisi. Sentensi asilia inapokuwa kando, ulinganishaji huchukua sekunde chache, na kazi isiyo na sentensi hiyo hufutwa bila mjadala. Kumbuka tu kwamba hata nukuu yenyewe inaweza kubuniwa; unapoitilia shaka, itafute katika faili.

Tarehe na saa zinahitaji uangalifu wa pekee. Modeli haijui leo ni siku gani isipokuwa huduma unayoitumia iwe imeiambia, na maneno kama "kesho kutwa" au "wiki ijayo" yaliyomo katika dokezo la zamani yanaweza kuhesabiwa kuanzia siku isiyo sahihi. Andika tarehe kamili juu ya kila dokezo, na uitaje tarehe ya leo ndani ya agizo. Sisi tunaoandika madokezo kwa Kiswahili tuna mtego mwingine, kwa kuwa tunahesabu saa kuanzia macheo na machweo: miadi ya saa mbili usiku inaweza kuingia kwenye kalenda ikiwa 02:00 badala ya 20:00. Kuandika muda wa miadi kwa mfumo wa saa 24 tangu kwenye dokezo kumeniondolea mkanganyiko huo.

Vilevile, usimpe madokezo ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kila modeli ina ukomo wa maandishi inayoweza kuyashughulikia kwa wakati mmoja, ukomo unaopimwa kwa tokeni, yaani vipande vya maneno, na maandishi ya Kiswahili kwa kawaida hukatwa katika vipande vingi zaidi kuliko ya Kiingereza yenye maana ileile. Ukomo huo umepanuliwa sana katika miaka ya karibuni, lakini kuwa na nafasi hakuhakikishi usomaji makini. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kwamba modeli zilizojaribiwa wakati huo zilitumia vizuri zaidi taarifa zilizokuwa mwanzoni na mwishoni mwa maandishi marefu kuliko zile zilizofichika katikati. Modeli zimeboreshwa tangu wakati huo, ila mimi bado nampa msaidizi madokezo ya wiki moja kwa wakati, na orodha ninayoipata huacha mambo machache zaidi.

Orodha ikishapatikana, kishawishi ni kuitazama na kuridhika. Mwaka 2011, wanasaikolojia E. J. Masicampo na Roy Baumeister walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba jambo ambalo halijakamilika huendelea kuingilia mawazo ya mtu wakati anafanya shughuli nyingine, na kwamba kuandaa mpango mahususi wa kulitimiza hupunguza usumbufu huo hata kabla jambo lenyewe halijafanyika. Kinachotakiwa ni mpango mahususi, na kuorodhesha kazi peke yake hakujawa mpango. Kwa sababu hiyo namwelekeza msaidizi aniulize, kwa kila kazi iliyobaki baada ya ukaguzi, maswali matatu mafupi: hatua ya kwanza ni ipi, itafanyika lini, na itafanyika wapi. Asijibu yeye. Msaidizi akiachwa ajibu atagawanya kazi ya kuandika barua moja katika hatua nyingi zenye mantiki, nami nitapata kazi mpya ya kuzisoma. Jibu langu mwenyewe, hata likiwa la maneno manne, hunifunga kwa namna ambayo mpango ulioandikwa na mwingine haunifungi.

Ratiba sasa inaweza kuandaliwa, ingawa kuna tatizo la makadirio. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 tabia ya binadamu ya kukadiria muda mfupi kuliko ule ambao kazi huchukua kweli, hata pale anapojua kwamba kazi za aina hiyo zilichelewa siku za nyuma. Msaidizi haondoi kasoro hiyo kwa sababu yeye hajui kasi yako. Anachokupa ni kadirio la jumla. Dawa niliyoipata ni kuandika, kando ya kila kazi iliyokamilika, muda uliotumika kweli, kwa dakika zilizokadiriwa tu bila saa ya kupimia. Baada ya muda, faili hiyo inakuwa na thamani kubwa: unampa msaidizi pamoja na orodha ya kesho, unamwomba akadirie kwa kufuata kazi zinazofanana zilizokwisha kufanyika, na ratiba inayotoka huwa na kazi chache kuliko ulivyotaka. Ukiona inakukera kwa uchache wake, huenda ipo karibu na ukweli.

Uamuzi wa kipi kitangulie simwachii msaidizi. Wasaidizi hawa wana mwelekeo wa kukubaliana na anayewauliza, kwa hiyo ukisema kwamba ungependa kuanza na kupanga upya faili zako kabla ya kumaliza ripoti, kuna uwezekano mkubwa wa kupewa sababu nzuri za kufanya hivyo. Namtumia kwa upande wa pili: namweleza uamuzi wangu na kumtaka anipe hoja za kuupinga akitegemea yaliyomo kwenye madokezo peke yake. Swali jingine ambalo sikulipata mahali popote ila kwa kujaribujaribu, na ambalo sasa huliuliza kila mwisho wa mwezi, ni hili: ni kazi zipi zimerudi katika orodha za wiki mfululizo bila kusogea? Binadamu huzoea kuziona kazi hizo mpaka hazioni tena, lakini msaidizi hachoki kuzitaja. Nyingine hugundulika kwamba zilipaswa kufutwa zamani. Nyingine zinasubiri mtu ambaye hajui kwamba anasubiriwa.

Huduma nyingi sasa humruhusu msaidizi kuingia mwenyewe kwenye kalenda, barua pepe na faili, na njia za kuviunganisha zimerahisishwa, ikiwemo itifaki, yaani kanuni za mawasiliano kati ya programu, iitwayo Model Context Protocol ambayo kampuni ya Anthropic iliitoa Novemba 2024. Urahisi huo una hatari inayostahili kufahamika kabla ya kubonyeza kitufe cha kukubali: modeli haina njia ya uhakika ya kutenganisha maandishi ya kusomwa na amri ya kutekelezwa, kwa hiyo barua pepe iliyotumwa na mtu mwenye nia mbaya inaweza kubeba maneno ya kumwelekeza msaidizi afanye jambo ambalo hukumtuma. Anza kwa kutoa ruhusa ya kusoma tu. Ukifika hatua ya kumruhusu kuandika, weka sharti kwamba kutuma, kufuta na kumwalika mtu mwingine kuthibitishwe na wewe kila mara, na uwe na nakala rudufu ya faili zako mahali ambapo yeye hafiki.

Suala la faragha nalo halimalizwi na kubadilisha mpangilio mmoja, ingawa mpangilio huo ni wa lazima: tafuta mahali ambapo huduma yako inaeleza kama mazungumzo yanatumika kufunza modeli, na uzuie kama hutaki. Zaidi ya hapo, madokezo ya mtu huwa na habari za watu wengine, wagonjwa, wanafunzi, wateja, ndugu, ambao hawakuulizwa kama wanakubali kusomwa na seva ya kampuni. Majina yao nayabadilisha kwa herufi kabla ya kutuma. Nywila na namba za akaunti haziingii kabisa katika folda ya madokezo.

Kwa madokezo yenye siri zaidi natumia modeli ndogo inayoendeshwa ndani ya kompyuta yangu bila intaneti. Jambo hilo limewezekana kwa watu wa kawaida hasa tangu mwaka 2023, kampuni ya Meta ilipotoa modeli za Llama na kampuni nyingine zikatoa za kwao, na kwa sasa modeli yenye vigezo (namba za ndani zinazoamua namna inavyojibu) bilioni 7 au 8, ikishabanwa ili ichukue nafasi ndogo, huweza kufanya kazi kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) ya gigabaiti 16. Inakwenda polepole, Kiswahili chake ni dhaifu kuliko cha modeli kubwa, na maswali yake kuhusu madokezo si ya kina. Kazi ya kutoa orodha inaimudu, mradi agizo liwe fupi na dokezo lisiwe refu. Ukaguzi wa sentensi asilia ndio unaonichukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa nazikagua zote, moja baada ya nyingine.