Mtoto wa mbwa wa kuokota: usimchanganye na wako bado

Dada, umesema umemwokota mtoto wa mbwa mtaroni, na mbwa wako wawili wanambwekea usiku kucha. Unauliza kama uwafungulie wazoeane. Hapana, subiri kwanza.

Mtenge wiki mbili, stoo au hata kwenye banda la kuku lililo tupu. Awe na vyombo vyake. Wahudumie wenyeji kwanza, yeye mwisho, kisha unawe mikono na ubadilishe ndala (ndala ndizo watu husahau). Ninachokiogopa ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, hasa wachanga. Virusi vyake hukaa kwenye udongo miezi mingi na sabuni ya kawaida haiviui. Sakafu ioshe, halafu ipake dawa ya klorini ya kufulia iliyochanganywa na maji, uiache dakika 10 ndipo usuuze. Akitapika au akiharisha damu, usingoje kesho, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Chanjo za hao wawili zimepitwa na muda? Anza na wao. Mgeni apewe dawa ya minyoo na atolewe kupe. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida huanzia miezi 3. Kichaa kinaweza kujificha miezi, kwa hiyo kumaliza wiki mbili si kibali cha watoto kumchezea ovyo. Aking'ata mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mchubuko.

Baadaye waonane kwanza kupitia wavu. Wangu walinuniana mwezi mzima, sasa wanagombania gunia moja la kulalia.